Salfa ya Juni

Marehemu Eudald Masdeu Ferran alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa kijijini Vallnegra, Priorat, mtoto pekee wa Bwana Isidre na Bi. Carme. Alisoma shule ya kijiji hadi umri wa miaka kumi na miwili, kisha akakabidhiwa jembe.

Maisha yake yote aliyamaliza kwenye miteremko ya mawe meusi, ambako trekta halipandi na nyumbu wa mizigo alipanda kwa kununa. Mizabibu ya garnacha aliyoipanda babu yake ilizamisha mizizi mbali kutafuta maji, maana mvua ya huku ni ya kubahatisha. Zabibu zilikuwa chache, divai nzito na kali. Wenzake walipohamia viwandani, yeye alibaki. Hakuna aliyemshukuru.

Tarehe 7 Septemba 1968 alifunga ndoa na Bi. Roser Vidal. Siku ya tatu bibi harusi alikuwa shambani anavuna, na hadi leo hajamsamehe.

Kila mwaka, siku inayofuata sikukuu ya Mtakatifu Yohane, nyumba yetu hupuliza salfa kuzuia ukungu. Juni 2019 marehemu alisimama mlangoni, akausikiliza upepo wa kusini, akaniambia mimi, Neus, binti yake mkubwa:

“Mwaka huu salfa usiiguse, mwanangu. Joto linakuja, itaunguza.”

“Baba nawe kwa woga! Tangu lini tukairuka siku hii?”

Alipokwenda mjini kupimwa macho, nilipuliza shamba lote la juu. Siku tatu baadaye joto lilipita nyuzi arobaini. Majani yalikaangika, zabibu zikanyaukia mtini. Mwaka uliofuata, mizabibu mia tatu ya babu yake haikuchipua.

Kwenye ushirika wa wakulima wa zabibu walimpokea kwa vicheko.

“Eudald bwana, umri wote huo hujui salfa na joto haviivi chungu kimoja?”

“Uzee huo, jamani,” alijibu.

Nilikuwa kando yake, nimeshika kreti. Nilinyamaza. Tangu siku hiyo mkamwita Mzee Salfa, na wengine mmekuja leo na mashada ya maua.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alipolazwa mara ya pili nilimwambia nitasema ukweli.

“Acha, mwanangu,” alisema. “Wewe utaishi na watu hawa miaka mingi. Mimi wameshanizoea.”

Nikaacha tena. Nilijiambia namtii, kumbe nilikuwa naogopa. Alifariki nyumbani tarehe 21 Agosti 2023, mwaka wa ukame, mavuno yakiwa yameanza mapema kuliko alivyowahi kuyaona.

Ameacha mjane, Bi. Roser, mabinti wawili, Neus na Mireia, mjukuu mmoja, Biel, na mizabibu sitini iliyopona.

Baba, lala kwa amani. Jina la Salfa usiende nalo. Ni langu.