Nililamba Chumvi ya Ng'ombe

Acheni makofi kwanza, ndugu zangu. Mnaniona nimesimama mbele ya kanisa hili la Dabani mnadhani nitasimulia ushujaa. Nitasimulia upumbavu, tena wa mtu aliyesoma.

Duka langu la dawa za mifugo pale Busia mnalijua. Kwa miaka mingi niliwadharau nyote mliokuja kununua. Ninyi hamkusoma karatasi za dawa; mimi nilizisoma zote, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa. Kisha shingo yangu ikaanza kuvimba. Nikawa nasikia baridi adhuhuri, jua likichoma lami. Nikawa nasinzia juu ya mizani wateja wakinitazama. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Kule ukweni wakasema tumbo langu ni kaburi, nami nikawacheka moyoni, maana nilikuwa nimekwisha kujiandikia dawa.

Shuleni tulifundishwa kwamba shingo huvimba kwa kukosa iodini. Na ile chumvi ya ng'ombe dukani kwangu, karatasi yake ilitaja iodini, seleniamu, zinki, shaba, vyote ndani ya tofali moja jekundu. Nikalivunja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nikasimama nyuma ya pazia nikalamba. Ndiyo, chekeni. Mtamba ana akili zaidi. Yeye hulamba akishiba anaondoka.

Miezi ikapita. Shingo ikazidi kuvimba, nywele zikabaki kwenye kitana, kucha zikakatika. Mume wangu akauliza mbona nanuka kitunguu saumu na nyumbani hatukipiki. Nikamwambia ajinuse mwenyewe. Nikaongeza kipande.

Halafu nikashika mimba ya tatu. Nawaambia, hiyo niliitaka kuliko nilivyotaka kuonekana najua. Nikaenda hospitali moja Tororo, nikamkuta daktari binti mdogo, viatu vimelika kisigino, Kiswahili cha kijijini kwao Paya. Nikamdharau kabla hajaketi. Akanipapasa shingo, akanipima damu, majibu yalipotoka akaniuliza nimekuwa nikitumia nini. Nikamtajia kwa sauti ndogo.

Hakucheka. Aliniuliza tu, "Na ng'ombe wako, mama, anakula nini siku hizi?"

Nikalia, mimi mwenye duka.

Akanieleza taratibu. Iodini haikunipungukia hata siku moja. Chumvi ya jikoni, iliyokwisha kutiwa iodini, ilinitosha. Kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, ilikuwa imeigeukia tezi yangu ya shingo na kuishambulia, na iodini niliyoirundika ilikuwa ikichochea vita hivyo. Seleniamu nayo tezi inaitaka, lakini kidogo mno. Mimi nilikuwa nimekula ya zizi zima, na ile harufu ilikuwa sumu inatoka.

"Wacha kulamba leo," akasema. "Hii tembe inafanya kazi ya tezi iliyochoka; meza kila asubuhi kabla ya chai, na urudi tupime tena. Ukiacha, huyu mtoto naye tunaweza kumpoteza."

Tembe yenyewe haifiki punje ya mahindi. Niliitazama kwa dharau, nikaimeza. Nimeimeza mpaka leo, na nitaimeza hadi nife. Huyo anayewapigia kelele pale nyuma ndiye yeye, mtoto wangu.

Namshukuru yule binti wa Paya ambaye sikustahili upole wake. Namshukuru mume wangu, aliyelitupa tofali chooni bila kunisema. Nawashukuru ninyi mliokuja kunilimia nilipolala kitandani na mimba ile, ingawa niliwaita wajinga. Nanyi nawaambia, shingo mbili zaweza kuvimba sawasawa na kila moja ikawa na ugonjwa wake. Pimeni damu kabla ya kujitibu, hata kama mnajua kusoma. Hasa kama mnajua kusoma.

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani, amejifunga kitambaa shingoni na joto lile, akataka nusu tofali. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akatazama chini. Nikafunga duka, tukaenda naye Tororo.

Yumo humu leo. Simtaji, nanyi msigeuke kumtafuta.