Vifuu Kumi na Viwili vya Mzee Mjaka

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1958, Mzee Mjaka Gharib anaweka chini spana yake baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika karakana ya kampuni yetu ya matarishi, hapa Malindi, Unguja. Kwa wageni wa dhifa wasiotujua, sisi ndio tunaopokea barua na vifurushi vinavyoshuka bandarini na kuvifikisha kwa wenyewe, mjini na mashamba, kwa baskeli. Na kwa miaka yote hiyo, kila baskeli iliyotoka mlangoni mwetu ilipita kwanza mikononi mwa mtu huyu mfupi, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe siku aliyoinunua.

Bwana Salem Saud, meneja wetu, alinitaka niandike wasifu huu kwa adabu na kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Nimejaribu, nimechana karatasi tatu. Basi anisamehe. Mwandishi ni Jaku Mwalim, niliyekuwa tarishi nambari tisa, na lau si Mzee Mjaka, leo ningekuwa nabeba magunia gatini, wala nisingeingia kwenye dhifa hii hata kwa kudoea.

Mzee Mjaka alizaliwa Tumbatu, akavuka kuja mjini bado kijana, akaajiriwa Julai 1929 kuziba pancha. Kampuni ilikuwa na baskeli nne tu. Haukwisha mwaka akawa anazitambua kwa mlio. Ameinama kazini, mgongo kaupa mlango, utamsikia: "Nambari mbili hiyo, mnyororo umelegea." Tulizoea kushindana naye, na aliyeshindwa alinunua kahawa. Mzee Mjaka hajapata kununua kahawa.

Neno lake kubwa ni "Hebu tupime." Ukimwambia tairi lina upepo wa kutosha, hebu tupime. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, anatoka uani kutazama kopo alilolitega, ajue mvua yenyewe ilikuwa kiasi gani. Siku ya harusi ya mwanawe, wageni walimkuta kapiga magoti barazani na kanzu yake mpya, anapima kama meza ya sharbati imekaa sawa. Haikuwa imekaa sawa. Mkewe, Bi Mashavu, anaikumbuka kanzu ile mpaka leo, na akiikumbuka huikumbuka kwa sauti.

Januari 1954 zikaja injini. Zilikuwa ndogo, za kufunga kwenye baskeli, kumi na mbili, zote za kiwanda kimoja na rangi moja ya kijani. Watoto wa Malindi walizipa jina la tukutuku na kuzikimbiza mpaka Darajani. Injini hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo Mzee Mjaka alimpa kila tarishi kopo lake la galani moja na kipimo chake cha oili, yaani kifuu cha nazi. Kifuu kimoja kwa kopo moja, basi. Vifuu alivichonga mwenyewe, akavisugua mpaka vikang'aa, akavichoma nambari kwa msumari wa moto na kuvitundika ukutani. Tulivipenda mno. Hakuna aliyethubutu kugusa kifuu cha mwenzake.

Nambari nane alikuwa mwenzangu aitwaye Mmanga, na nambari tisa ni mimi. Tulitoka pamoja saa moja asubuhi, njia moja mpaka Mahonda. Hapo yeye hushika ya Mkokotoni na mimi ya Donge. Loo! Tukifika Bububu, Mmanga naliona vumbi lake tu. Penye mwinuko wa kabla ya Mahonda mimi nilikuwa nakanyaga pedeli kwa miguu yangu miwili, na injini inafuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Wazee wa pale walinipa pole kila siku, na siku moja bibi mmoja akanipa na mkono wa kusukuma.

Bwana Salem ni mtu wa saa. Anayo mfukoni, na nyingine mezani ya kuichunga ile ya mfukoni. Aliandika nyakati zetu wiki sita, akaniita. Injini zimefanana, akasema, njia ni moja, mizigo ni sawa. Kilichobaki ni mtu. Akanipa muda mpaka mwisho wa Rajab. Nikishindwa kwenda kama Mmanga, nitafute kazi nyengine. Mke wangu Shemsa alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza. Siku ile niliizunguka Forodhani mara tatu kabla ya kurudi nyumbani, maana sikujua nitaingia na uso gani.

Mzee Mjaka aliposikia, alisema lile neno lake. Akapima upepo wa matairi, akapima nafasi ya plagi, akasafisha kabureta yangu kwa manyoya ya kuku. Akatuchukua mimi na Mmanga ghalani, akatupandisha kwenye mizani ya karafuu mbele ya wachukuzi waliokuwa wakituuliza tumekauka au bado. Mmanga alinizidi ratili mbili. Mwisho akafanya alilokuwa hajawahi kulifanya, akazibadilisha injini zenyewe. Ya nane akaifunga kwenye baskeli yangu, ya tisa akampa Mmanga.

Siku tatu niliruka. Nilimpita Mmanga pale pale Bububu, nikampungia mkono kwa dharau kubwa. Siku ya nne injini ikaanza kukohoa. Ya tano moshi, ya sita nikarudi kwenye pedeli zangu na pole za wazee. Na ile injini yangu mbovu? Chini ya Mmanga ilikohoa siku mbili, ikasafisha koo, ikaenda kama upepo.

Basi ushahidi wote ukanigeukia. Bwana Salem alishuka karakana mwenyewe. "Umeona, Mjaka? Umehamisha injini, ubovu umebaki na mtu." Na mimi ndiye niliyekuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu nilianza kuamini. Nilijitazama miguu yangu nikajiuliza kama kweli mimi ni mvivu na sijijui.

Sasa nifike kwenye wali. Jumatano ya wiki ya mwisho ya Rajab, Mzee Mjaka alikwenda nyumbani kwake Kikwajuni kula chakula cha mchana, akawekewa wali umelainika, bokoboko tupu. Naye wali anautaka kila punje na mwenzake mbalimbali. Akalalamika. Bi Mashavu akamwambia mchele ni ule ule, moto ni ule ule, na maji kayatia vifuu vile vile vitatu.

"Basi mbona umekuwa hivi?"

"Kifuu si kile, bwana. Kile kishavunjika. Hichi cha nazi nyengine."

Bi Mashavu anasema mumewe alibaki na tonge mkononi, kinywa wazi. Kisha akainuka bila ya kunawa. Alichukua chupa ya dawa ya kifua iliyokuwa dirishani, ile yenye mistari ya vipimo ubavuni, akaimwaga dawa yote, akaondoka mbio na kofia kaiacha. Kwa nguvu za mbio hizo, kwa mtu wa umri wake, majirani walidhani kuna moto.

Karakana ilikuwa tupu, sote tuko njiani. Akavishusha vifuu vyote, akavijaza kimoja kimoja na kuvimimina kwenye chupa. Vilivyolingana vilikuwa viwili tu, nambari nne na nambari kumi. Kifuu changu, nambari tisa, kilitokana na nazi kubwa nene ya Kiwengwa na kilichukua karibu mara mbili ya kile cha Mmanga. Mimi nilikuwa nikiilisha injini oili kupita kiasi, plagi inaingia masizi, na nguvu zinakwisha. Na kwa kuwa nilikuwa mtiifu, nilikijaza mpaka ukingoni, sikupunguza hata tone. Injini yoyote ambayo ningepewa ningeizamisha vivyo hivyo.

Mmanga aliporudi, injini yake ikafunguliwa. Pistoni ilikuwa kavu kwa uchache wa oili na imechubuka pande zote mbili. Ile mashine tuliyokuwa tukitakiwa sote tuifuate ilikuwa inakwenda mbio kwa kiu, na siku yoyote ingekamata ghafla na kumrusha mtu wake barabarani. 

Hapa pana jambo ambalo Mzee Mjaka hakulitangaza, nami nalitangaza leo, akitaka akasirike. Wiki ile ile alikuwa atajwe kuwa msimamizi wa karakana. Miaka ishirini na tano alikuwa akikingojea cheo kile, na Bwana Salem alikwisha sema kwamba hataki msimamizi anayekosea vipimo. Angeweza kukichonga kifuu kipya kimyakimya na kukitundika. Injini yangu ingepona, na nani angejua? Alimuuliza Bi Mashavu jioni ile afanye nini. "Nshakwambia kifuu kimebadilika," akajibiwa. "Sasa wataka nikwambie na la kufanya?"

Alkhamisi asubuhi alitukusanya sote ofisini kwa meneja. Akaingia na pakacha la vifuu begani, chupa ya dawa mkononi, akatandaza magazeti juu ya meza ya Bwana Salem bila ya kuomba ruhusa. Akamimina, kifuu baada ya kifuu, na kila kimoja akatuonyesha mstari kilipofika. Alipomaliza akasema, "Bwana, injini hazina kosa, na huyu Jaku hana kosa. Vifuu nimevichonga mimi. Nilisema hebu tupime miaka yote hii, na kipimo chenyewe sikukipima."

Bwana Salem aliitoa saa, akaitazama, akairudisha, na nina hakika hakuiona ni saa ngapi. Mzee Mjaka akaomba karatasi ya kuandikia vipimo. Bwana Salem akamsukumia moja iliyokuwa chini ya mkono wake. "Andika nyuma," akasema. Mzee akaitazama mbele kidogo, akaigeuza, akaandika.

Cheo cha msimamizi mwaka ule alipewa mtu mwengine. Mzee Mjaka alikuja kukipata mwaka 1957, na sikumsikia hata siku moja akilitaja jambo hilo. Bwana Salem naye, nimpe haki yake, aliniomba radhi mbele ya wenzangu wote, na mtoto wetu Tamima alipozaliwa alituletea nguo za mtoto zinazotosha watoto watatu.

Vifuu vikafuatiwa na vikombe kumi na viwili vya bati, vimepimwa kwa chupa ya dawa. Wageni watauliza: je, injini zikawa sawa? Wapi! Zilikaribiana tu. Nambari tatu breki ilikuwa ikigusa gurudumu kwa unywele. Nambari sita ilivuja pumzi kwenye kiungo cha kabureta. Nambari kumi na moja mpandaji wake alikuwa akiifungua nguvu yote kabla haijapata moto, pupa tu. Mzee Mjaka alizifuatilia moja moja kwa miaka minne, na kwa sababu hiyo injini kumi na moja kati ya zile kumi na mbili zinakwenda mpaka leo. Ya kumi na mbili iliangukia kisimani Chwaka na mwenyewe yupo hapa, kwa hiyo sitaendelea.

Wiki hii nimekabidhiwa karakana, maana Mzee Mjaka alinipendekeza mimi. Nikaanza kwa kufuta vumbi. Ile karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani tangu Alkhamisi ile, misumari minne, na kila asubuhi kwa miaka minne na nusu nimesimama mbele yake nikipima oili. Jumatatu nikaing'oa nipanguse ukuta. Ikanigeukia mkononi.

Upande wa pili imepigwa chapa vizuri, ina sahihi na tarehe: Jaku Mwalim, tarishi nambari tisa, anaachishwa kazi kuanzia leo kwa uvivu.

Nilikaa chini. Sikuona haya kulia, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Kumbe barua ilikwisha tiwa sahihi kabla hajaingia na pakacha lake, na yeye aliisoma, akaigeuza, na akaipigilia misumari uso wake ukitazama ukuta ili nisije nikaiona. Nimeirudisha pale pale, vipimo mbele. Nimeongeza msumari wa tano.

Mzee wangu, asante kwa kila skrubu uliyoikaza na kwa kila neno ulilolizuia. Unarudi Tumbatu kwenu na Bi Mashavu, na sisi sote tunakuombea afya, raha na wali usioshikana. Kila Ijumaa nitakuwa nafika Mkokotoni na baskeli yangu ya zamani, pwani pale panapokabiliana na kisiwa chenu. Utakapousikia mlio ng'ambo ya maji, usigeuke kutazama. Waambie tu walio karibu nawe kwamba ni nambari tisa, na oili yake imepimwa.