Koti la Perla Zylber Lisichomwe Moto

Risala ya wanawake wasitiri maiti wa sinagogi la Oostervelde kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, siku ya kuzinduliwa mlango mpya wa chuma

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Sheria;
Rabi wetu;
Majirani mliokuja na mvua hii;
Akina mama wenzetu:

MAKARIBISHO

Karibu Oostervelde. Umekuja na mvua, na sisi huku hatumlaumu mgeni kwa mvua. Keki ya tufaha imeokwa na Bi. Fajga, na usipoila atakuuliza mbele za watu unaumwa nini.

Ofisi yako ilituagiza kwamba risala iwe fupi, iwe ya shukrani, na isiguse kesi. Kwa ufupi tutajitahidi. Shukrani zimo, kwa wanaozistahili. Hilo la tatu tumelikataa kwa kauli moja, na Bi. Fajga alilikataa mara mbili.

SISI NI NANI

Sisi ni wanawake tunaowaosha wanawake wenzetu wanapofariki. Hatulipwi. Tunatumia maji ya vuguvugu, hatupitishi kitu juu ya maiti, hatupigi soga, na tukimaliza tunamtaja kwa jina lake na kumwomba radhi, kama mkono wa mmoja wetu ulimgusa vibaya. Wazee wetu waliita kazi hii fadhila ya kweli, kwa sababu anayetendewa hawezi kuilipa.

Perla Zylber alikuwa mwenzetu. Yeye ndiye aliyeshona sanda zetu za kitani cheupe, zisizo na mfuko wala fundo. Alishona huku akiimba, na aliimba vibaya sana. Tukimwambia, "Perla, punguza sauti, utawaamsha," alitujibu, "Wakiamka si mtanishukuru?"

YALIYOTUPATA

Ijumaa moja asubuhi Perla alitoka sinagogini kwenda kununua mkate wa Sabato. Alivaa koti lake la sufu la rangi ya buluu, lenye vifungo alivyovibadilisha mwenyewe. Kwenye kona alikuwepo kijana mmoja. Kijana huyo alikuwa amemwuliza Lieve, muuza maua, "Wayahudi wanatokea mlango gani?" Lieve alidhani ni mtalii, akamwonyesha kwa mkono. Tangu siku ile Lieve hulia akituona, nasi humwambia, "Dada, kumwonyesha mtu njia si dhambi. Dhambi ni ya aliyekuja na kisu."

Kijana yule alimchoma Perla kisu kwa nyuma. Maneno aliyoyapiga kelele hatuyasomi hapa. Yamo kwenye hukumu, na jina lake nalo libaki huko huko. Perla alifia pale pale kwenye mawe ya barabara.

Mheshimiwa, sisi maiti aliyeuawa hatumwoshi. Damu inayomtoka mtu anapokata roho ni sehemu ya mwili wake, na huzikwa naye. Nguo iliyoinywa damu hiyo huzikwa naye pia. Kwa hiyo polisi walipomaliza kupima na kupiga picha, tulipiga magoti na vitambaa vyeupe, tukaanza kuikusanya.

Gari la zimamoto likafika. Askari mmoja akashuka na mpira wa maji.

"Akina mama, naomba mpishe. Tunasafisha barabara."

"Huyu si uchafu," akasema Gitla, katibu wetu, ndiye anayesoma mbele yako. "Huyu ni Perla."

"Nimeamriwa, mama."

"Najua umeamriwa, mwanangu. Lakini mimi magoti yangu mabovu, nikishayapiga chini siinuki upesi. Utanimwagia maji?"

Kijana yule, Wannes, alimtazama Gitla, kisha akageuka na kufunga maji. Akavua kofia yake ya chuma, akapiga magoti pembeni yetu na kuuliza, "Nianzie wapi?" Alifuta katikati ya mawe, mahali vidole vyetu vya uzee havipiti, wala hakuuliza kwa nini. Tunamshukuru mbele yako. Tunataka ujue kwamba mtumishi wa serikali anaweza kuelewa jambo hili kwa dakika moja, tena akiwa amebeba amri mkononi.

Koti lilichukuliwa na polisi kuwa kielelezo. Afisa mmoja alituambia, akiwa amesimama karibu na mwili, "Kesi ikiisha mtarudishiwa." Tukaridhika. Hapo ndipo tulipokosea. Hatukumtaka aandike, kwa sababu kwetu neno lililotamkwa mbele ya maiti halihitaji sahihi.

Tulimzika Perla bila koti lake. Yaani, Mheshimiwa, tulimzika nusu.

MAHAKAMANI

Mahakama ya kwanza ilimtia kijana yule hatiani kwa kuua, lakini ikasema chuki haikuthibitishwa. Wakili wake alisema kijana alichanganyikiwa tu, angeweza kumchoma mtu yeyote. Bi. Fajga akasema kwa sauti kutoka kwenye benchi letu, "Basi mbona aliulizia mlango wetu?" Hakimu akamwambia anyamaze au atoke. Alinyamaza, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko kung'olewa jino.

Mwendesha mashtaka alikata rufaa. Lieve akasimama kwenye kizimba cha mashahidi, na kurudia mbele ya wote swali aliloulizwa na ule mkono wake aliouinua. Mahakama ya rufaa ilisikiliza vizuri. Ikasema kijana alikuwa mfuasi wa kundi la wenye itikadi kali, watu wanaofundishana kwenye simu kwamba Myahudi ni adui popote alipo, na kwamba alimuua Perla kwa sababu alikuwa Myahudi, si kwa sababu nyingine. Alifungwa maisha. Miaka yote hiyo sisi hatukulidai koti, tukihesabu kesi kuwa ndiyo inayotuzuia.

Kesi ikaisha. Gitla na Fajga wakaenda ghala la vielelezo kulichukua koti.

"Ninyi ni nani kwake?" akauliza karani.

"Ndio tunaomzika."

"Naulizia undugu."

Perla hakuwa na mume wala mtoto. Hakuwa na kaka wala dada. Baba na mama yake walikuwa peke yao waliorudi kutoka kambi za mauaji za Wanazi baada ya vita, katika koo mbili kubwa. Wengine wote walichomwa huko kwenye tanuri, na hao wawili walirudi na namba zilizochanjwa mikononi. Binamu wa kurithi angetoka wapi?

"Basi asiye na mrithi, mali yake ni ya serikali," akasema karani.

"Damu yake pia?" akauliza Fajga.

"Mama, mimi sikutunga sheria. Vielelezo vya kesi zilizokwisha vinateketezwa mwisho wa mwezi."

"Vinateketezwaje?"

"Kwenye tanuri. Ndio utaratibu."

Mheshimiwa, tuliuliza mara ya pili tukidhani tumesikia vibaya. Hatukusikia vibaya. Katika nchi hii, serikali hii imesema imemrithi mwana wa watu waliotoka kambini, na sasa inataka kuitia damu yake motoni, pamoja na visu vya walevi na magunia ya bangi. Karani yule hakuwa na ubaya. Alitupa viti, na Fajga alimletea maji ya kunywa. Lakini upole wa karani hauzimi tanuri. Tumeandikia idara tatu. Moja ilitujibu kwamba inatuelewa. Tumechoka kueleweka.

Leo umekuja kutufungulia mlango wa chuma usiopenywa na risasi. Tunashukuru kwa nia. Lakini mlango huu hatukuuomba. Tuliomba koti, tukaletewa chuma, wapiga picha na hotuba ya kusema hamtatuacha. Perla mmeshamwacha. Yuko kwenye rafu, na namba imefungwa kwenye mkono wa koti lake. Namba, Mheshimiwa! Mtu wa ukoo ule!

OMBI LETU

Ni moja tu. Koti lisichomwe. Tupewe jinsi lilivyo, lisifuliwe, lisikunjuliwe, lisipigwe pasi na mtu mwenye huruma.

HITIMISHO

Mwezi unaisha wiki ijayo. Jumapili asubuhi tutachimba shimo ubavuni mwa kaburi la Perla. Ujue kwamba kwetu shimo la kaburi likishachimbwa halilali wazi; lazima lifukiwe siku hiyo hiyo. Tutalifukia likiwa na koti ndani, au tutalifukia tupu, watu wote wakitazama na kila mmoja akijua kwa nini ni tupu. Kati ya mawili hayo wewe ndiye mwenye kauli. Hatutaki barua. Tunaomba uinuke sasa hivi, useme litakuja au halitakuja.

Mwenyezi Mungu akujalie umri mrefu na moyo usio mgumu. Na siku yako itakapofika, upate mikono ya upole ya kukusitiri, na pasiwe na mtu wa kuiuliza ina undugu gani na wewe.

Ni sisi,
Wanawake Wasitiri Maiti,
Sinagogi la Oostervelde.