Kamera ya Darwesh Haikunenepesha

Assalamu alaykum. Kwa idhini yenu, wazee wetu na mama zetu mliofika kwenye khitma hii, familia inakusomeeni kwa ufupi maisha ya mpenzi wetu Darwesh Abdulla Mmanga, mpiga picha wa Mkunazini, ambaye wengi wenu mliwahi kusimama mbele ya kamera yake.

Marehemu alizaliwa Malindi ya hapa mjini tarehe 12 Machi 1958, akasoma chuo cha Kurani mtaani kwao, kisha skuli hapa hapa mjini, akamaliza mwaka 1976, kazi ya picha akafundishwa na mjomba wake, na mwaka 1985 akafungua duka lake mwenyewe. Tarehe 9 Septemba 1988 alimuoa Bi Shaima, wakajaaliwa watoto wawili, Hisham na Asila.

Kwa kuwa vichochoro vyetu havimpi mpiga picha nafasi ya kurudi nyuma, Darwesh alitumia lenzi pana, inayomeza jambo zima kwa karibu, nayo ina ila yake, hupinda mistari na kutanua kila kilicho ukingoni. Mwaka 1998, kwenye harusi ya shemeji yake Basil, mkwewe Bi Thuwaiba, mama wa Bi Shaima na Basil, alikaa mwisho wa mstari, na picha zilipotoka, loo, mama wa watu alikuwa mpana kuliko mlango! Alikuja juu, akatangaza mtaa mzima kuwa kamera ya Darwesh inanenepesha, na maneno yakashika.

Mkwe ni mkwe, marehemu aliona haya, akatafuta dawa, mpaka mwaka 2000 akapata programu ya kompyuta iliyoijua ila ya lenzi ile na kuirudisha mistari mahali pake. Tokea hapo akawa anaitwa kupiga picha nyumba kuukuu zinazotaka matengenezo.

Masika ya mwaka 2003 aliipiga nyumba ya Bi Thuwaiba mwenyewe, akainyoosha picha kwenye kompyuta, nyumba ya jirani ikasimama wima, lakini ukuta wa mkwewe ukabaki na tumbo. Akarudia, tumbo lile lile. Akaenda kuwaonya waliomo nyumbani, maana programu huondoa kosa la lenzi tu, basi kilichobaki kilikuwa cha ukuta wenyewe, umefura unataka kuanguka. Basil na mkewe walihama siku ile ile, Bi Thuwaiba akagoma, akasema kamera iliyomnenepesha yeye sasa inanenepesha na mawe, na watu, Mungu atusamehe, tukacheka.

Tarehe 7 Mei mvua ilinyesha tangu alfajiri, chokaa ikawa inabanduka vipande vipande, Darwesh akasimama kichochoroni roho mkononi, akijua akimburura mkwewe atamvunjia heshima, na akimwacha atamzika. Mvua ilipopungua akamwita, akamwambia amekuja kuisahihisha picha ya harusi, kwa lenzi nyengine isiyonenepesha mtu, ila hiyo hupiga kwa mbali, lazima ashuke mpaka kiwanjani. Bi Thuwaiba aliitikia naam, kisha akakawia, mara mtandio, mara wanja, na ukuta unalia, na Darwesh hathubutu kumhimiza asije akashtuka akabaki. Hatimaye alishuka. Walipofika kiwanjani, kamera haijatoka mkobani, ukuta ukaanguka wote, na chumba chake, na kitanda chake. Siku ile picha haikupigwa.

Mwaka 2006 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, na Jumatatu tarehe 19 Novemba 2007 alifariki nyumbani kwake, akazikwa Mwanakwerekwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkunazini, na wapiga picha wenzake waliolibeba jeneza.

Bi Thuwaiba yupo hapa, amekaa ndani na mama zenu. Kila Darwesh alipotaka kumpiga ile picha ya kiwanjani alikataa, na ya harusi ameitundika chumbani kwake kama ilivyotoka, haijanyooshwa. Ameagiza isemwe mbele yenu nyote kwamba kamera ya mwanawe haikunenepesha kitu.

Lala salama, Darwesh.