Mbasa wa Mto Wetu Si Mbasa wa Ruhuhu

Mheshimiwa Diwani, Baba Padre, Bwana Samaki wa wilaya, wazee wangu, shikamooni. Ndugu zetu mlioshuka kutoka Kingerikiti na Tingi, na wewe hasa, Bwana Nazari, mtafiti wetu tunayekuaga leo: karibuni sana.

Mimi ni Albina, mke wa Kilian. Niruhusuni nirudie: mke wa Kilian! Naitwa hivyo tangu Jumamosi ile baada ya Pasaka, na bado moyo unaniruka kila nikilisikia jina hilo. Kwa furaha niliyo nayo ningependa kumsifu kila mtu hapa. Lakini, wazazi wangu, mmenichosha.

Bwana Nazari alituomba jambo jepesi. Kila mbasa anayevuliwa mlangoni mwa mto wetu akatwe kipande kidogo cha pezi, kitiwe kwenye kichupa chenye spiriti. Alitueleza kwamba ndani ya kipande hicho mna vinasaba, alama ambazo samaki hurithi kwa mama na baba, na kwamba kwa alama hizo maabara itajua kama mbasa wanaopanda mto wetu kutaga ni ukoo mmoja na wale wa mto Ruhuhu, au ni wa kwetu peke yetu. Baba mdogo Joakim akadakia, "Bwana mkubwa, mbasa naye ana ukoo? Basi tuonyeshe shangazi yake, tumpelekee posa!" Tukacheka, Bwana Nazari naye akacheka.

Lakini je, tulisikiliza? Siku ya harusi yangu (jamani, siku ile! Kilian ndani ya suti ya mtumba, imemkaa kama ameshonewa!) wakwe zangu walikuja kwa boti kutoka Lituhi, kule mlangoni mwa Ruhuhu, na vikapu vya mbasa wabichi, kama desturi inavyoutaka upande wa mume. Mbasa wa Ruhuhu! Na wazee wangu, mkiona vichupa vya mgeni bado vitupu, mkaona aibu mgeni aondoke bila kitu, mkakata mapezi ya samaki wa harusi mkavijaza. Kwa ukarimu! Nani amewahi kusikia ukarimu wa namna hiyo?

Majibu yakarudi: mbasa wa Ruhuhu wamejaa kwetu. Mkashangilia. "Tuvue tu," mlisema, "wakiisha hawa, Ruhuhu itatuletea wengine." Na tangu biashara ya samaki iwe huria, magari ya barafu yakitufuata kutoka Songea mpaka mchangani, nyavu zikaziba mlango wa mto, ukingo hadi ukingo. Bwana Nazari peke yake alikunja uso. Akauliza mkutanoni, akisoma tarehe za vichupa, "Mapezi yote ya Ruhuhu yamekatwa Jumamosi moja. Jumamosi hiyo kulikuwa na nini?" Mama Restituta ndiye aliyejibu, "Kulikuwa na Albina."

Harusi yangu imepimwa maabara! Mtu mwingine angefunga mizigo yake siku hiyohiyo. Bwana Nazari alivitenga vichupa vile, akabaki hadi mwisho wa msimu, akakata mapezi kwa mkono wake, maji yakimfika kiunoni. Na asubuhi hii ametusomea ukweli: mbasa wetu ni ukoo wao wenyewe. Hutembea mbali ziwani, huchanganyika na wengine, lakini kutaga hurudi hapa walipozaliwa. Kijana wa Lituhi anaweza kuhamia kwetu kwa ajili ya mapenzi, na namshukuru Mungu usiku na mchana. Mbasa hahami. Hawa wakiisha, Ruhuhu haitatukopesha.

Mvua za kwanza zimenyesha, mbasa wanajikusanya mlangoni. Tulipatana nyavu zitoke, nanyi mmezitoa. Umebaki mmoja.

Baba yangu mzazi, Mzee Wendelin, shikamoo. Napiga magoti mbele ya watu, unisamehe. Jana uliniambia, "Mwanangu, wageni watakula nini? Nitautoa wakishaondoka." Baba, ni ukarimu uleule! Wageni watakula usipa, dagaa wetu wa ziwani, na wameshasema wanaupenda. Kilian amekaa tayari kwenye mtumbwi wako, anakungoja wewe tu. Nasi akina mama wa jikoni tumeshakubaliana: hakuna sufuria itakayofunuliwa, hata ya Mheshimiwa, mpaka wavu ule uwe juu ya mchanga.

Bwana Nazari, safari njema. Nyote nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Baba, nenda, tuna njaa.