Funguo za Chumba Namba Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari mkuu wa hospitali yetu, wakunga na wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama wajawazito mliopewa viti vya mbele kwa haki kabisa: salamu kwenu nyote, na kwa walioko tumboni pia, maana shughuli hii ni yao.

Nimepewa dakika tano nimuage Mama Picha, mpimaji wetu wa ultrasaundi kwa miaka thelathini. Mimi ni mkunga; nimezoea kusubiri, kuharakishwa sijazoea.

Wangapi humu wanakumbuka siku mashine ilipoletwa? Wanawake waliikimbia. Wengine walisema inamchoma mtoto, wengine kwamba inamwanika kwa watu kabla ya siku yake. Na waliokubali nao walikuwa na yao. Mmoja alikuja amesuka nywele na kupaka wanja, akaomba atoke yeye na mtoto picha moja. Mwingine alipoambiwa mtoto ni mzima, kliniki hatukumwona tena hadi siku ya uchungu. "Si mlishamwona?" akaniuliza. "Mlitaka kumwona mara ngapi?"

Mama Picha hakumcheka mtu. Alifunga mlango, akapandisha blauzi, akajipaka jeli na kujipima mwenyewe mbele ya mwenye hofu. "Haya, tazama. Mimi humu nina maharage tu. Sasa tuone wewe una nini." Nani angebaki na hofu baada ya hapo?

Mimi. Mimi niliyewahimiza wanawake wenzangu wapimwe kila asubuhi hadi sauti ikanikauka. Mganga hajigangi. Nilipopata mimba nilimkwepa Mama Picha miezi saba. Nikimwona kwenye korido, nageuza njia. Niliogopa kuambiwa jambo nisilokuwa na la kulifanya. Siku moja alinikuta stoo nikihesabu glavu, akafunga mlango, akapandisha blauzi. Nililia huku nacheka, nikamfuata chumba namba nne, kwenye mashine yake.

Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limemzibia mtoto njia. Ningesubiri uchungu kama nilivyokusudia, damu ingetumaliza wote wawili. Nilipasuliwa kabla ya siku, na mtoto akatoka na hasira ambayo hajaiacha hadi leo.

Siri hiyo Mama Picha ameitunza miaka ishirini na minne. Leo naitoa mwenyewe, kwa sababu mtoto yule ameketi safu ya pili, ana mimba ya miezi saba, na hajapimwa hata mara moja. Jana nilipomsihi alinijibu, "Mama, wewe si ulinizaa bila hayo mambo?" Mwanangu, lile kovu nililokuambia ni la kidole tumbo, ni lako. Niliona haya kusema kwamba mkunga mzima aliogopa jeli ya baridi. Nisamehe.

Mama Picha, zawadi yako ni ile iliyofunikwa pale. Usiichungulie, ingawa najua kuchungulia ndiyo kazi yako. Umetupa watoto wengi, na mimi umenipa huyu. Ila funguo ulizokuja kukabidhi, zishike kwanza. Kazi yako inakwisha saa kumi, na sasa ni saa nane na nusu.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Naomba mtupishe njia, mwanangu ameshasimama.