Jina la Mzee Uzi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na anayekaa katikati inabidi awe mwepesi maana ubao unabonyea. Hapo ndipo hukutana mafundi wasio na kazi siku hiyo, na wale wenye kazi ila hawana haraka nayo, wakanywa kahawa na kupiga soga mpaka jua liwafukuze. Ncha ya kulia ni ya Pimamaji, fundi vigae, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana bila pimamaji yake, kile kipimo cha usawa, kwapani. Zamani alikaa hapo mwalimu wao, marehemu Mzee Uzi. Alipofariki, Pimamaji alihamia pale bila kumuuliza mtu, na wenzake wakamwachia.

Asubuhi hiyo mjadala ulikuwa mmoja: kwa nini sakafu za siku hizi zinainuka. Grauti, naye fundi vigae, mtu asiyeweza kuona mwanya kwenye mazungumzo asiuzibe, alivilaumu viwanda, akaulaumu mchanga, kisha akahamia kwa wenye nyumba.

— Watu wanaingia sebuleni na viatu. Zamani mtu alivua mlangoni. Sakafu ilikuwa inapumzika.

— Simu hizo, alisema Koki, fundi bomba. Nyumba moja simu saba, zinachajiwa chini, zinatetemeka usiku kucha. Kigae gani kitavumilia?

— Wewe unatafuta pa kuficha mabomba yako, alisema Grauti.

— Bomba langu halijawahi kuvuja.

Muuza kahawa akakohoa. Huu ni mwaka wa tatu ndoo inakaa chini ya sinki lake, na aliyelifunga sinki hilo ni Koki.

Grauti hakukubali kushindwa. Akasema ardhi nayo inavuta pumzi, na ikivuta kwa nguvu sakafu lazima ibenuke, hilo aliliona kwa macho yake. Ikabidi Pimamaji aweke kikombe chini.

— Mzee Uzi alitandika sakafu juu ya ardhi hiyohiyo, alisema. Ipo iliyoinuka?

Wakaanza kukumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kutamu kuliko kahawa. Walimkumbuka mzee akivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, akiudonoa kwa kidole na kutega sikio kabla ya kuruhusu kigae cha kwanza kulazwa. Walikumbuka alivyorudi kazi ikiisha, akavua viatu, akafumba macho na kugonga kigae kimoja baada ya kingine kwa mpini wa mwiko. Kilicholia mvungu, kwa kuwa chini yake saruji haikujaa, kiling'olewa palepale, mwenye nyumba akiangalia. Koki alikumbuka hata harufu ya saruji mbichi kwenye nguo za mzee, akasema kuna siku bado anaisikia pale benchini.

Na walikumbuka kigae cha mlangoni. Hicho ndicho kilikuwa cha mwisho kulazwa, na mgongoni mwake fundi aliandika jina kwa penseli. Wanafunzi waliandika jina la mzee, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Ukishafuzu, unaandika lako.

— Andika, kisha paka saruji kotekote mpaka usilione, Grauti alimwigiza mzee kwa sauti nzito. Kazi ikiwa safi, hakuna atakayelisoma tena.

Walicheka, na macho ya Pimamaji yakalowa. Alimpenda mzee yule kama baba, na kila siku alitamani amsikie akimgombeza japo mara moja.

Ndipo akaja dada mmoja, amebeba kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akawaamkia shikamoo wote kwa pamoja, akasema jikoni kwao vigae vimepasuka, mama yake amejikwaa mara mbili na sasa anapita akishika ukuta. Marehemu baba yake, aliyesimamia ujenzi, aliwaambia likitokea lolote wang'oe kigae cha mlangoni na kumtafuta mwenye jina. Mama hataki fundi mwingine.

Akafungua taulo. Mgongoni mwa kigae palikuwa na madonge matano ya saruji kavu, manne pembeni na moja katikati, na kati ya madonge hayo penseli ilisomeka vizuri: Mzee Uzi.

— Nyumba mlijenga lini, mwanangu? aliuliza Koki.

— Inatimiza miaka tisa.

Mzee Uzi ana miaka kumi na miwili kaburini.

Grauti alikipokea kigae, akapitisha kidole juu ya donge moja. Alionekana kama mtu aliyetukaniwa mzazi.

— Mzee hakuwahi kubandika kwa madonge. Angekuvunjia mwiko mgongoni. Dada, hii si kazi yake.

— Basi ni ya nani?

Koki alitazama ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa tone moja.

Pimamaji aliujua mwandiko huo kama anavyokijua kiganja chake. Mzee alipomwambia amefuzu, aandike jina lake mwenyewe, hakuliandika hata siku moja, akaendelea kuandika la mzee. Alijiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba aliogopa, na jikoni mle, mwenye nyumba akiwa anataka kuhamia Ijumaa, alikuwa amebandika madonge matano matano huku akijua kabisa anachofanya, kisha akamtwisha maiti mzigo huo. Angeweza kunyamaza hata sasa. Lakini Grauti alikuwa bado ameshika kigae kile, anakifuta vumbi kwa shati lake, pale penye jina, kama mtu anayemsafisha mzee uso.

— Ni yangu, alisema Pimamaji. Mzee wa watu hakukanyaga nyumba hiyo.

Aibu ilimshika mpaka masikioni, ila kifua kilikuwa chepesi. Akamwomba dada ampe pole mama, akauliza kama vigae vilivyobaki vinalia. Dada akasema hajui kugonga.

— Nitavigonga vyote. Kinacholia nakitoa.

Aliinuka na pimamaji yake, ubao ukayumba, na ile ncha ya kulia ikabaki wazi. Alikuwa ameshapiga hatua tatu Grauti alipomfuata, akachomoa penseli iliyokuwa sikioni mwake na kumtia mkononi.